TikTok, YouTube, X au WhatsApp: mwanafunzi wa chuo ajifunze mazingira wapi?

Mwaka wangu wa pili chuoni nilikuwa ndani ya makundi manne ya mazingira ya WhatsApp, na Instagram nilifuatilia kurasa za kijani ambazo sasa siwezi hata kuzihesabu. Wakati huohuo, nyuma ya bweni letu kulikuwa na mfereji uliojaa chupa za plastiki. Niliupita kila asubuhi nimeinamia simu. Siku moja mwenzangu wa chumba aliokota chupa, akaigeuza, akaniuliza ile pembetatu ya mishale yenye namba ndani, pale chini kwenye kitako, ina maana gani. Nikamjibu bila kusita: "Maana yake inaweza kurejelezwa, yaani kutengenezwa kitu kingine." Akaniuliza nimejuaje. Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeiona mahali, ikanipita chini ya kidole gumba pamoja na mambo mengine mia. Na ilikuwa si kweli.

Tangu siku hiyo nimeacha kuuliza mtandao gani ni bora kuliko mwingine kwa mambo ya mazingira. Nauliza mtu amekwama wapi. Kuna ambaye hajasikia kabisa, hajui hata kama tatizo lipo. Kuna aliyesikia mno, lakini ukimpa dakika mbili aeleze anaanza kukanyagana na maneno yake mwenyewe. Na kuna anayejua kila kitu, ana takwimu mfukoni, ila hajawahi kushika reki. Watu hawa watatu hawatibiwi kwa dawa moja, na mitandao tunayoitumia kila mmoja una ugonjwa unaouweza.

TikTok na YouTube

Nianze na hii miwili kwa sababu ndiyo inayolinganishwa zaidi, na mara nyingi vibaya.

TikTok ikikukuta haujali, inakujalisha. Ukurasa wake wa kwanza haujengwi na watu unaowafuata, unajengwa na kile ulichokitazama hadi mwisho. Kwa hiyo mtu asiye na mfuasi hata mmoja anaweza kurekodi samaki waliokufa kando ya mto leo jioni na kesho akaamka ametazamwa na maelfu. Hakuna mtandao mwingine unaomfikia mtu asiyetafuta habari za mazingira kwa wepesi huo. Instagram na YouTube wameiga kwa video zao fupi, lakini bado wanaiga.

Ila angalia kilichotokea mwanzoni mwa 2023 kuhusu mradi wa mafuta wa Willow huko Alaska. Vijana waliujaza mtandao kwa hashtagi ya kuupinga, ikatazamwa mamia ya mamilioni ya mara, ombi la mtandaoni likakusanya saini zaidi ya milioni 3. Tarehe 13 Machi 2023 serikali ya Marekani ikaidhinisha mradi. Sisemi kelele zile zilikuwa bure, maana watu wengi walilijua jina la mradi ambao bila hivyo ungepita kimyakimya. Lakini muulize aliyeposti wakati ule mradi ulikuwa wa visima vingapi, au nani mwingine alikuwa mezani kabla uamuzi haujafikiwa. Video ya sekunde arobaini inakupa hasira. Haina nafasi ya kukupa ramani.

YouTube kwa upande wake ni mwalimu mpole, mwenye maneno mengi. Mfano wangu hapa ni wa mwanafunzi mwenzetu. Agosti 2015 mtafiti wa shahada ya uzamivu kutoka chuo kikuu cha Texas A&M, Christine Figgener, alikuwa Costa Rica kwenye utafiti wa kasa. Timu yake ikamkuta mmoja akiwa na kitu kimekwama puani. Wakakivuta kwa koleo, damu ikitoka, na kumbe ni mrija wa plastiki. Video waliyoiweka YouTube ina dakika nane hivi, haina muziki wala maandishi ya kurukaruka, na dunia nzima iliitazama. Kufikia Julai 2018 jiji la Seattle lilikuwa limepiga marufuku mirija ya plastiki kwenye migahawa, na kampuni kubwa zikawa zinapokezana kutangaza kuiacha.

Sasa hapo ndipo pa kuwa makini. Mirija ni sehemu ndogo mno ya plastiki inayoingia baharini. Picha kali, hata ikiwa ya kweli na imerekodiwa na mtaalamu, inakuelekeza kwenye kinachoonekana, si lazima kwenye kilicho kikubwa. Nyavu za uvuvi zilizotelekezwa hazina ile dakika ya kuvutwa puani.

Turudi kwenye chupa yangu. Nilipotafuta suala la pembetatu TikTok, nilipata video tatu mfululizo zikiniambia nigeuze chupa nitazame namba, na mbili kati yake zikarudia kosa lilelile nililolisema mimi. YouTube nilipata mhandisi mmoja mwenye sauti ya kusinzisha, dakika ishirini na mbili. Lakini alipomaliza nilikuwa najua kwamba namba zile zilianzishwa 1988 na chama cha wenye viwanda vya plastiki cha Marekani kwa ajili ya kutambua aina ya plastiki, basi. 1 ni PET, ile ya chupa za maji na soda. 2 ni plastiki ngumu ya madumu ya maziwa na sabuni. 6 ni polistairini, ile nyepesi inayovunjika ukiibonyeza. Kwamba kitu kina namba haina maana kuna kiwanda kinachokitaka. Kurejelezwa kunategemea kama kuna mtu anakusanya, anayetenganisha, anayenunua, na kama bei inamlipa. Ndiyo sababu watafiti waliopiga hesabu ya plastiki yote iliyowahi kutengenezwa duniani hadi 2015 walikuta iliyorejelezwa ni takribani asilimia 9 tu ya taka zake.

Asilimia 9. Ningeipata kwenye video fupi ningeipenda, ningeisambaza, ningeisahau. Nilivyoipata baada ya kuelezwa mnyororo mzima, haijanitoka mpaka leo.

Kwa hiyo kwa kuelewa, YouTube inashinda na wala si kwa kubahatisha. Video unaweza kuisimamisha, kurudi nyuma, kupunguza mwendo, kuwasha maandishi ya chini kama matamshi ya msemaji yanakushinda, na kuishusha hadi 144p bando likikaribia kukata. Tena ina kipimo chepesi cha uaminifu ambacho wengi hawakitumii: fungua maelezo chini ya video. Anayefundisha kwa dhati ataweka viungo vya ripoti alizozisoma. Asiyeweka hata kimoja, huku akitaja namba kila sentensi, mtazame kama unavyomtazama mtu anayekukopa bila kusema atalipa lini.

Usije ukadhani basi YouTube ni salama. Wapo humo wanaopinga kabisa kwamba binadamu anaipasha dunia joto, na wanajua kuongea. Oktoba 2021 Google walitangaza kwamba maudhui ya namna hiyo hayatalipwa fedha za matangazo, na Aprili 2023 TikTok nao wakasema wataondoa upotoshaji kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Sera zipo. Wapotoshaji nao bado wapo.

X, Bluesky, na kelele za siku yenyewe

Kama unasoma sheria za mazingira, sera, uandishi wa habari au uchumi, huwezi kuukwepa kabisa mtandao uliokuwa Twitter hadi Julai 2023. Wakati wa mikutano mikuu ya tabianchi, kama ule wa Dubai mwaka 2023 au wa Baku mwaka 2024, rasimu za maazimio zinajadiliwa humo neno kwa neno kabla magazeti hayajaamka. Utamwona mwanasayansi akimjibu waziri na mwanaharakati akiwajibu wote wawili. Kwa kasi na kwa ukaribu na wenye mambo, hakuna unaoufikia.

Mfano wa jinsi unavyoweza kukufaa na kukuvuruga kwa siku moja: Januari 2025 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilithibitisha kwamba 2024 ulikuwa mwaka wenye joto kuliko yote yaliyowahi kurekodiwa, takribani nyuzi 1.55 juu ya wastani wa kabla ya viwanda. Mara moja ikawa "Mkataba wa Paris umekufa!" Maana mkataba ule wa mataifa wa 2015 ndio uliotaja nyuzi 1.5 kama kikomo ambacho dunia ijitahidi isikivuke. Aliyeishia kwenye vichwa vya habari aliondoka na msiba. Aliyeshuka hadi kwenye majibu aliwakuta wataalamu wakieleza kwamba kikomo kile kinapimwa kwa wastani wa miaka mingi, miongo kabisa, si kwa mwaka mmoja, na kwamba hata hivyo mwaka huo ni ishara mbaya. Habari ilikuwa ileile. Tofauti ilikuwa kushuka chini kidogo.

Tatizo la X ni kwamba siku hizi ni vigumu kujua anayeongea ni nani. Tangu Novemba 2022 alama ya bluu inanunuliwa, kwa hiyo haikuhakikishii lolote zaidi ya kwamba mtu ana kadi ya benki. Zile nyongeza za maelezo zinazoandikwa na watumiaji chini ya machapisho zinasaidia, ila mara nyingi hufika wakati moto umeshateketeza. Wanasayansi wengi wamehamia Bluesky, mtandao unaofanana na X, uliofunguliwa kwa umma Februari 2024. Huko ni kutulivu, karibu kama maktaba, na ubaya wake ndio huo: utawakuta wanaokubaliana tayari.

Na usidhani wakubwa hawadanganyiki. Agosti 2019 misitu ya Amazon ilipokuwa ikiungua, Rais Emmanuel Macron wa Ufaransa mwenyewe aliweka picha ya msitu ukiwaka. Aliyeipiga alikuwa ameshafariki tangu 2003. Moto wa 2019 ulikuwa wa kweli, picha ndiyo haikuwa yake. Siku zilezile ikasambaa kwamba Amazon hutoa asilimia 20 ya oksijeni tunayoivuta, jambo ambalo si sahihi, kwa sababu msitu uliokomaa hutumia karibu oksijeni yote unayoitengeneza, kupitia miti yenyewe na vijidudu vinavyoozesha majani. Msitu ule una thamani kubwa kwa mvua, kwa viumbe na kwa kaboni ulioihifadhi. Hauhitaji kuongezewa chumvi.

Instagram na Facebook, kwa kifupi

Instagram ni daftari zuri. Zile slaidi za kutelezesha zinafupisha ripoti ndefu vizuri kuliko mahali pengine popote, na unaweza kuzihifadhi ukazirudia usiku wa kuamkia mtihani. Lakini pia ndipo kampuni zinapojipaka rangi ya kijani kwa ustadi mkubwa: jani moja, mwanga wa asubuhi, neno "asilia", na hakuna namba hata moja. Nikiona tangazo la namna hiyo najiuliza wamepunguza nini, kwa kiasi gani, kufikia mwaka gani. Likikosa vyote vitatu, ni urembo.

Facebook vijana wanaicheka kwamba ni ya wazazi. Ni kweli, na ndiyo faida yake. Ukitaka kumfikia diwani, mkuu wa idara ya usafi, au wakazi wanaotupa taka kwenye mfereji unaoulalamikia wewe TikTok, wako huko. Machi 2019 ilikuwa ni Facebook, si kwingine, iliyoibua upya wimbi la kusafisha mahali palipochafuka na kuweka picha mbili, ya kabla na ya baada. Chapisho moja lililowachokoza vijana waliochoka kukaa bure lilitosha.

WhatsApp na Telegram: hapa ndipo mfereji unaposafishwa

Nimewaweka mwisho kwa makusudi, maana wengi hawahesabu WhatsApp kama mahali pa kujifunzia. Kwa kweli kwa kujifunza ni mahali pabovu. Machi 2020, miji ilipofungwa kwa sababu ya korona, nani hakutumiwa ile video ya pomboo waliorudi kwenye mifereji ya Venice? Ilirekodiwa bandarini Cagliari, kisiwani Sardinia, mamia ya kilomita kutoka hapo. Ilikuja kwangu mara tano, mara mbili kutoka kwa mhadhiri. WhatsApp wamejaribu kupunguza makali: tangu Januari 2019 huwezi kusambaza ujumbe kwa zaidi ya mazungumzo matano kwa mkupuo, na tangu Aprili 2020 ule ulioshapita mikono mingi unakwenda kwa mmoja mmoja. Mishale miwili juu ya ujumbe ndiyo dalili. Ukiiona, ujue anayekutumia naye hajui umetoka wapi.

Lakini linapokuja suala la kufanya, hakuna kilicho karibu nayo.

Ule mfereji wa nyuma ya bweni tulijaribu kuusafisha mara mbili. Mara ya kwanza tulitengeneza bango zuri tukaliweka Instagram, likapata mioyo mingi mpaka tukaanza kuwa na wasiwasi na idadi ya glavu. Jumamosi asubuhi tulifika sita, na mmoja alikuwa anapita tu kwenda maktaba. Mara ya pili hatukutengeneza bango. Mwenzangu wa chumba, yuleyule wa chupa, aliandika kwenye kundi la bweni ujumbe wa mistari miwili, kisha: "1. Mimi, naleta reki." Chini yake akaacha "2." tupu. Unajua kinachofuata. Mtu ananakili, anaongeza jina lake, anabandika tena. Kufikia jioni orodha ilikuwa imepita ishirini, na jina lako likishakaa pale pamoja na neno "toroli", kulala siku hiyo ni aibu ambayo utaishi nayo muhula mzima. Tulitoa magunia ambayo sikuyatarajia, nyingi zikiwa chupa namba 1, ambazo mnunuzi alizichukua. Masanduku meupe ya namba 6 hakutaka hata kuyagusa. Yule mhandisi wa sauti ya kusinzisha alikuwa amesema kweli.

Tofauti ni kwamba Instagram ulipendwa na watu wasiojulikana. Kwenye WhatsApp uliulizwa na mtu mtakayekutana naye bafuni.

Telegram inaizidi WhatsApp kwa mambo mawili: kundi linaweza kubeba hadi watu 200,000, na faili hubaki kwenye seva zake bila kujaza simu yako, kwa hiyo ni ghala zuri la ripoti na mihadhara. Kundi kubwa hivyo, hata hivyo, halina aibu. Kwa kumtoa mtu kitandani, thelathini wanaojuana wanatosha.

Mmoja ambao hautajwi

Kuna mtandao mwingine ambao kwa mwanafunzi ningeuweka juu kuliko nusu ya hii yote, na hauna umaarufu: iNaturalist. Ulianza 2008 kama mradi wa mwisho wa wanafunzi wa shahada ya uzamili pale Berkeley, Marekani. Unapiga picha ya ndege, mdudu au gugu, unaiweka, programu inakisia ni kiumbe gani, kisha watu wengine, wapo wastaafu wanaojua buibui kuliko wanavyowajua majirani zao, wanakusahihisha. Kumbukumbu ikithibitishwa inaweza kuishia kwenye hifadhidata ambazo watafiti wanazitumia kweli. Hauna hasira, hauna mijadala ya marais. Utakuwa umejua majina ya mimea saba iliyo kati ya bweni na darasa, na baada ya hapo ni vigumu kuuona mfereji kama shimo la taka.

Uchague upi basi

Kama hujawahi kujali na unajijua, anza TikTok, lakini jiwekee sharti: kila jambo likikushtua, litafutie maelezo YouTube kabla hujalisambaza. Usipoweza kufanya hivyo, litazame likupite.

Kama unaandika tasnifu au unataka kazi kwenye sekta hii, weka X au Bluesky kwa ajili ya kufuata watu wachache waliotajwa kwa majina na vyuo vyao, usizidishe ishirini, na ufungue ripoti wanazoziweka badala ya kuishia kwenye wanayosema juu yake. Instagram iwe daftari. Usibishane na mtu asiye na picha wala jina.

Kama unajua mengi na umechoka kujua, funga yote kwa wiki mbili. Bakiza WhatsApp, fungua kundi la watu wa ghorofa yako, na ujumbe wa kwanza uandike namba 1 na kitu utakachobeba wewe.

Na kama bando ni la kubana, chukua video moja ya YouTube kwa wiki, itazame kwenye Wi-Fi ya maktaba, na kundi moja tu la WhatsApp. Ukipata cha kusambaza humo, mtumie kwanza yule rafiki yako anayependa kuuliza umejuaje.